Zamu ya Gharsallah

Basi lilikuwa limekwisha kuiacha Duz nyuma, mchanga umeanza kupungua na vichaka vikavu vimeanza kujitokeza, kijana Wajdi aliposimama mbele ya abiria na kipaza sauti chake, akauliza ni nani kati ya wazee wake aliyeondoka na ufunguo wa hoteli.

"Chumba cha chini, upande wa bwawa," alisema. "Wamenipigia simu sasa hivi. Tazameni mifukoni, wazee wangu wazuri. Na akina mama, kwenye mikoba. Hatumpeleki mtu polisi."

Watu wakacheka, wakajipapasa. Mzee Muldi naye akatia mkono katika mfuko wa koti, na vidole vyake vikagusa kipande kizito cha mti kilichochongwa umbo la ngamia, kishikio cha ufunguo. Akautoa mkono polepole, mtupu, akaulaza juu ya goti na kugeukia dirisha.

Hakuwa mwizi. Lakini kama angesema, basi lingegeuzwa, na kama lingegeuzwa, asubuhi ingekwisha, na Wajdi alikuwa amekwisha kumwambia kwamba muda ukibana, kitu cha kwanza kukatwa katika ratiba ni kituo cha Ghumrasin. Na Ghumrasin, kijiji chake cha jabalini, ndiyo peke yake iliyomtoa Muldi nyumbani kwa binti yake, Tunis, akaja kupanda na kushuka ngazi za basi kwa magoti yasiyokunjika. Hayo mengine yote waliyoonyeshwa, msikiti wa Qairawan, mitende ya Tozeur, ziwa la chumvi ambalo wazee walishushwa wapigwe picha katikati yake kama mbuzi waliopotea, aliyavumilia tu, kama mtu anavyovumilia foleni.

Jirani yake wa kiti, Hedi, aliyekuwa mkagua tiketi wa reli mpaka alipostaafu, alimwinamia sikioni.

"Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Ufunguo. Asiye na tiketi siku zote hutazama dirishani. Nimewakamata wengi hivyo."

"Nyamaza, Hedi."

"Nimenyamaza. Ila ukikamatwa, sisi hatujuani."

Binti yake, Rafika, ndiye aliyemwandikisha katika safari hii ya wastaafu. Muldi alikuwa amemwambia anataka kwenda Ghumrasin peke yake, kwa magari ya pamoja, kama alivyokwenda maisha yake yote, na Rafika akaweka chini kisu alichokuwa akikatia vitunguu. "Peke yako hapana, baba. Ukianguka njiani nani atakuokota? Nenda na wenzako. Kuna kiongozi, kuna hoteli, kuna choo ndani ya chumba." Kisha akazungumza na Wajdi kwa simu kama mtu anayekabidhi mtoto shuleni. Na Muldi akawa mtalii katika nchi yake mwenyewe, kofia yake nyekundu ya sufu kichwani, na shingoni kadi ya plastiki yenye jina lake.

Wajdi alikuwa mtoto wa pwani, wa Hammamet, mwenye adabu na meno mazuri. Tangu asubuhi hakuacha kusema. Jabali lilipoanza kuonekana kwa mbali, aliwaambia kwamba watu wa kule juu waliishi zamani bila shida, katika vyumba walivyochonga kwenye mwamba, wakila zeituni na kucheza ngoma mwezi ukiwaka.

Hedi akamgusa Muldi kiwiko. "Mlicheza sana?"

"Tulicheza mpaka ngano ikatuishia," Muldi alisema.

Ngano iliwaishia, ndiyo, kwa sababu mvua ya jabali huja mwaka huu na kusahau miwili. Ndiyo maana kila kijiji cha kule kilijitafutia kazi moja mjini na kuishika. Watu wa Matmata walioka mikate. Wa Duirat walibeba mizigo sokoni. Wa Ghumrasin walikaanga. Ukiingia Tunis wakati ule, mtaa wowote, ukasikia harufu ya unga uliochachuka ukitumbukia kwenye mafuta ya zeituni, ulijua aliyekaa juu ya lile benchi refu la matofali na vigae ni mtu wa Ghumrasin. Walikaanga maandazi bapa yenye tundu, ftair, na mteja hakufungiwa kwa karatasi: alitungiwa maandazi yake katika ukindu, akaondoka nayo yakining'inia kidoleni, mafuta yakimtonea kwenye viatu. Sasa yanapikwa hotelini. Asubuhi hiyo hiyo, huko Duz, Muldi alikuwa amemwona kijana mwenye kofia ndefu nyeupe akiyatoa kwenye mfuko yakiwa yameganda kama mawe, yote ya kipimo kimoja, na watalii wakimpiga picha. Alichukua kahawa tu.

Duka lao lilikuwa katika mtaa wa Halfawin, upana wake milango miwili. Lilikuwa la watu wawili, Muldi na Gharsallah, lakini halikuwahi kuwa na watu wawili ndani yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kazi yenyewe. Mmoja alikaa Tunis akikaanga, akilala darini juu ya magunia ya unga. Mwenzake alikuwa Ghumrasin, akilima shayiri mvua ikinyesha, akichuma zeituni, akitazama nyumba zote mbili, mke wake na mke wa mwenzake, watoto wake na watoto wa mwenzake. Kisha, baada ya miezi, wakabadilishana. Aliyetoka nyumbani alifika na basi la alfajiri, akaenda moja kwa moja dukani, na kumkuta mwenzake juu ya benchi, sufuria likichemka na wateja wamesimama. Moto haukuzimwa. Mmoja aliteremka upande huu, mwingine akapanda upande ule. Aproni ikavuliwa na kuvaliwa ingali na joto. Ufunguo wa duka, ule uliokuwa umevunjika jino moja na bado ukafungua, ukatoka shingo moja na kuingia shingo nyingine. Chai wakainywa mmoja amekaa na mwingine amesimama.

"Mafuta?"

"Mazuri."

"Unga?"

"Upo."

"Nyumbani?"

"Wazima."

"Basi nenda salama."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao: aliyefika aliulizia duka, aliyekuwa akiondoka aliulizia nyumbani, na neno la mwisho lilikuwa la anayebaki. Muldi alipomwoa Mabruka, dada yake Gharsallah, Gharsallah alikuwa Tunis anakaanga. Gharsallah alipooa, Muldi alikuwa Tunis anakaanga. Kila mmoja alimjua mwenzake kwa alama alizoacha: fundo la kamba kwenye gunia, msumari mpya ukutani, mahali aliposogeza chumvi. Watu wengine hawakuuelewa urafiki wa namna hiyo, na siku hizi hata ukiuelezea unaonekana mtu wa hadithi. Wao hawakuuita urafiki. Waliuita zamu.

Duka lilikwisha katika zamu ya Muldi. Mwenye jengo alikufa, warithi wakauza, na mtu aliyenunua akataka milango yake miwili. Muldi akapiga simu kwa mwenye duka mmoja wa Ghumrasin, akangoja Gharsallah aitwe.

"Duka limekwisha," akamwambia.

"Nimesikia."

"Usije mwezi ujao."

"Nimesikia," akasema Gharsallah, na kukata simu.

Hawakuonana tena. Mabruka alifuata watoto Tunis, akafia huko, akazikwa huko. Magoti ya Muldi yakagoma. Miaka ikapita jinsi inavyopita ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye roshani ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mwanao. Kisha, baada ya mavuno ya zeituni, Naziha, mke wa mtoto wa Gharsallah, alimpigia Rafika. Mzee hanyanyuki tena, alisema. Na akili yake inakuja na kuondoka. Kuna siku yupo, kuna siku hayupo.

Muldi alitaka kumkuta siku aliyopo. Alitaka kukaa naye chini na kula naye chakula kimoja, sahani moja, kwa sababu ilimjia ghafla roshanini pale kwamba hawajawahi. Hakumwambia Rafika hilo. Alimwambia anataka kuona nyumbani.

Matmata waliteremshwa kula. Meza zilikuwa zimepangwa chini ya ardhi, katika nyumba iliyochimbwa kama shimo la kisima, na chakula kikakawia. Katika pembe moja mwanamke aliyevalia nguo za harusi alikuwa amewekwa kuzungusha jiwe la kusagia, na jiwe lilikuwa tupu, likilia kavu juu ya jiwe mwenzake, huku wazee wa Tunis wakijipanga kupiga naye picha. Enzi za mama yake Muldi, msichana aliyezungusha jiwe tupu alipokonywa mpini, maana ilikuwa ni kama kuiita njaa kwa jina lake. Muldi aligeuza kiti ili asilione. Kulisikia alilisikia. Mama mmoja akataka kununua zulia. Mwingine akapotea akitafuta choo. Muldi aliyatazama mahandaki ya vyumba na kuona kivuli kikipanda ukutani, na hakumhimiza mtu. Hakuwa tena na nguvu za kuhimiza. Alikwenda akakaa ndani ya basi, katika joto, peke yake, kana kwamba hilo lingelifanya liondoke mapema.

Walipoondoka hatimaye, Wajdi alishika kipaza sauti kwa sauti ya huruma.

"Wazee wangu, jua halitungoji. Ghumrasin tutaiona tukipita, madirishani, upande wa kulia. Kule mbele kuna ngome yenye machweo mazuri kuliko yote. Mtanishukuru."

Hedi alimtazama Muldi. Muldi alishika mgongo wa kiti cha mbele, akajivuta, akasimama. Akatembea kiti kwa kiti mpaka kwa dereva, akashika chuma na kubaki pale.

"Ami Muldi, kaa, tafadhali. Kuna makona."

"Nitasimama."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka Ghumrasin."

"Ami, nilikueleza jana. Binti yako naye nilimweleza. Mimi nina watu thelathini hapa."

"Kaa nao. Mimi nimesimama tu."

Dereva, mtu mnene wa makamo aliyekuwa hajasema neno tangu Qairawan isipokuwa kuomba maji, alimtazama katika kioo.

"Wewe ni wa hapo?"

"Wa hapo hapo."

"Mkaangaji?"

"Nilikuwa."

Dereva akakata kona. "Baba yangu alikuwa wa mikate," akasema. "Matmata. Alifia kwenye tanuri la watu, huko Tunis." Kisha akapaza sauti. "Wajdi, gurudumu la nyuma limepata moto. Lazima lipumzike."

"Gurudumu gani? Lina nini?"

"La nyuma. Litapumzika Ghumrasin. Nusu saa."

Wajdi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Nusu saa," akasema. "Na nyinyi wawili mtanitafutia kazi nyingine."

Ghumrasin ilikuwa pale pale, na haikuwa. Vyumba vya mwamba vilikuwa juu, vimetoboka na kuwa vyeusi, kama kinywa cha mzee. Chini yake yalikuwa yamejaa majumba ya zege ya vijana walioko Ufaransa, milango imefungwa, vyuma vya ghorofa isiyojengwa bado vikichomoza kwenye paa. Muldi alipanda kichochoro akishika ukuta. Hakusalimiwa na mtu. Wakati wake, mtu akitoka Tunis watoto walimpokea mwanzo wa kijiji na kumnusa, maana nguo zake zilinukia mafuta.

Naziha alikuwa akianua nguo. Alimkazia macho kabla ya kumjua.

"Ami Muldi? Mungu wangu, umezeeka."

"Ningefanyaje?"

"Karibu, karibu. Umekuja na nani? Rafika yuko wapi?"

"Nimekuja na watalii."

Akadhani ni utani, akacheka. Kisha akapunguza sauti. "Yuko kule nyuma, hataki chumba kipya. Mume wangu ametuma fedha za kujenga, amejenga, baba yake hataki kulala humo. Leo yupo. Asubuhi aliniuliza mbuzi wamekula. Ingia haraka, ukae naye wakati yupo. Nina kuskusi jikoni."

Chumba cha nyuma kilikuwa kile cha mwamba, kirefu na chembamba, baridi yake ile ile. Gharsallah alilala kwenye mkeka chini ya blanketi la sufu, amekuwa mdogo, ndevu zimemwingia mashavuni. Muldi alisimama mlangoni, mwanga nyuma yake.

Gharsallah alifumbua macho. Akamtazama aliyesimama mlangoni, kichwa, kofia, mabega. Kisha akaweka viganja viwili chini, akajiinua, akakaa. Nyuma ya Muldi, Naziha aliangusha bakuli. Mzee alikuwa hajakaa bila kushikwa tangu mavuno.

"Umekuja," Gharsallah alisema.

"Nimekuja, shemeji."

"Mapema."

"Kidogo."

Gharsallah alikuwa tayari anatafuta kitu kwa mkono, kando ya mkeka. "Naziha, viatu vyangu. Na joho langu. Huyu ameshafika." Akageuka tena kwa Muldi, na usoni mwake mlikuwa na haraka, haraka ile ya mtu anayejua wateja wamesimama. "Nani yuko dukani?"

Muldi alivua kofia, akairudisha kichwani.

"Wewe uko hapa," Gharsallah alisema, polepole, kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa. "Mimi niko hapa. Nani yuko dukani?"

Huko chini barabarani, basi la wastaafu lilipiga honi.

"Hilo hapo," Gharsallah alisema. "Basi la Tunis. Halitaningoja. Viatu, Naziha."

Alikuwa amepata kiatu kimoja na kuingiza mguu, kisigino kimekanyagwa. Naziha alimnong'oneza Muldi mgongoni. "Mwambie yupo mtu. Mwambie lolote, ami. Akisimama ataanguka."

"Nimemwachia jirani," Muldi alisema.

"Jirani gani?"

"Yule wa samaki."

"Wa samaki." Gharsallah aliacha kiatu. "Umemwachia mafuta yetu mtu wa samaki? Hujawahi kumwachia mtu. Yamepoa, Muldi?"

"Hayajapoa."

"Basi lete ufunguo." Akanyoosha kiganja. Kilikuwa na makovu yale yale, vitone vyeupe vya mafuta yaliyoruka, na Muldi alijua kwamba akikunjua chake kando ya hicho, mtu hatavitofautisha.

Alikuwa amechoka. Amechoka na basi, na kadi shingoni, na kuonyeshwa, na kusema ndiyo kwa watu wenye huruma. Akatia mkono mfukoni na kuweka katika kiganja kile alichokuwa nacho.

Gharsallah aliufumba ufunguo mkononi. Kwa muda ilionekana ametulia. Kisha kidole gumba kikaanza kutembea juu yake, kikitafuta kitu, kikarudi, kikatafuta tena. Akafungua kiganja na kutazama.

"Huu una ngamia."

"Ndiyo."

"Wetu una jino limevunjika."

"Ndiyo."

"Huu si wa duka."

"Si wa duka. Ni wa hoteli. Duz."

"Ulikuwa unafanya nini hotelini Duz?"

"Natembezwa," Muldi alisema. "Na wazee wenzangu. Kuna kijana anatuonyesha nchi."

Gharsallah alimtazama kwa muda mrefu, tangu kofia mpaka ile kadi ya plastiki. "Anakuonyesha wewe?"

"Mimi."

"Kijana wa wapi?"

"Hammamet."

Kitu kama kicheko kilipita kwenye ndevu za Gharsallah, kikapotea. Alipoinua macho tena, yalikuwa ya mtu aliyepo, yupo kabisa, na Muldi akatamani asingekuwepo.

"Na duka, Muldi?"

"Hakuna duka. Walilichukua. Sasa wanauza mifuniko ya simu, na benchi walilivunja, niliona vigae vyake vimetupwa barabarani. Lilikufa katika zamu yangu. Yako haikufika."

Naziha alitoka nje. Honi ikalia tena, ndefu zaidi. Gharsallah alikaa na mguu mmoja ndani ya kiatu. Muldi alingoja aseme nimesikia, kama siku ile, na kumgeuzia ukuta. Angekuwa na haki.

"Nilikuwa tayari," Gharsallah alisema. "Kila basi likipita. Naziha anadhani nimepotewa na akili. Nilikuwa najiuliza tu mbona unachelewa."

"Nilichelewa."

Gharsallah akainama, kwa tabu, akavua kile kiatu na kukiweka kando ya mkeka. "Basi siendi."

"Huendi."

"Na wewe?"

Kabla Muldi hajajibu, Wajdi alikuwa mlangoni, jasho linamtoka, Hedi nyuma yake akihema.

"Ami Muldi, tafadhali, watu wananung'unika kule. Salamaleko, hajj," akamwambia Gharsallah, kisha macho yake yakashuka kwenye kiganja cha mgonjwa. "Huo... huo si ule ufunguo?"

"Ndio," Muldi alisema.

"Ulikuwa nao muda wote?"

"Muda wote."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungegeuza basi."

Hedi alitazama dari. "Mimi na huyu hatujuani," akasema.

Wajdi akanyoosha mkono kuupokea ufunguo. Gharsallah hakuuachia mara moja. Alimkagua kijana kwanza, meno, viatu, nywele.

"Wewe ndiye unayetuonyesha nchi?"

"Najaribu, hajj."

"Chukua," Gharsallah alisema, na kumpa ufunguo. "Funga vizuri."

"Nenda, Wajdi," Muldi alisema. "Mimi nakaa."

"Haiwezekani, ami. Binti yako aliniapisha. Nikurudishe mlangoni kwa mkono wangu. Ataniua."

"Hatakuua kwa siku moja. Mpigie, mwambie nimekaa kwa mjomba wake. Mengine nitasema mwenyewe."

"Utarudi na nini Tunis?"

"Sijui."

Kijana alisimama kidogo zaidi, akitafuta neno ambalo hakuwa amefundishwa. Kisha akasema Mungu awape afya, akatoka. Hedi alibaki nyuma kuweka begi la Muldi chini, alilokuwa amelibeba kichochoro chote bila kuambiwa.

"Kwenye kiti chako nitalaza miguu," alisema.

"Laza."

Gurudumu la nyuma likaonekana limekwisha kupumzika. Basi lilisikika likiteremka, likabadilisha gia penye kona, likaondoka.

Naziha alileta kuskusi ya shayiri na nyama iliyokaushwa, bakuli moja la mti, na kijiko kwa kila mmoja. Muldi hakuweza kukunja magoti. Alikaa ameegemea mwamba na miguu ameinyoosha kuelekea mlangoni, na bakuli likawekwa katikati yao. Gharsallah alikula polepole, kutoka ukingoni, akitengeneza njia ndogo. Baada ya vijiko vichache Muldi aliona kwamba mwenzake anausukuma upande mmoja mchuzi mwekundu wa pilipili, anausukuma upande wa Muldi.

"Huli pilipili?"

"Sijawahi kula."

"Sikujua."

"Ungejulia wapi?" Gharsallah alisema.

Wakala. Muldi alikuwa amekuja njia yote hiyo, na sasa alikaa kama mgeni mbele ya mtu aliyemlelea watoto, na kila alilofikiria kuuliza lilikuwa limechelewa au la mtu mwingine. Alitazama ukuta. Kulikuwa na msumari mpya.

Gharsallah aliweka kijiko chini.

"Mafuta?" akasema.

Muldi alimtazama. Hakuweza kujua kama yupo au ameondoka.

"Mazuri."

"Unga?"

"Upo."

"Nyumbani?"

Muldi alifikiria Mabruka katika makaburi ya Tunis, na roshani, na kiti cha plastiki. "Wazima," akasema.

Kisha akangoja. Lilikuwa limebaki neno moja, nenda salama, na maisha yao yote neno hilo lilikuwa halijawahi kukosekana, na aliyelisema siku zote alikuwa yule anayebaki. Muldi alishika ukingo wa bakuli. Gharsallah hakulisema. Alikuwa akitazama viganja vyake, vile vitone vyeupe.

"Kesho nani anaondoka," akauliza, "mimi au wewe?"

"Hakuna anayeondoka."

Gharsallah aliwaza jambo hilo. Halikumpendeza. Alijilaza taratibu kwenye mkeka, akavuta blanketi mpaka kidevuni, na kukaa macho wazi akitazama juu, mahali ambapo patasi ya babu yake ilikuwa imeacha mistari kwenye mwamba.

"Basi nani atawakaangia watu asubuhi?" akasema.

"Hakuna," Muldi alisema.

Alibaki amekaa pale pale, miguu imenyooshwa, kwa sababu peke yake asingeweza kunyanyuka, na hakutaka kumwita Naziha.